Rido za Bujumbura kwenye jua la Uvira

Jamani, mji huu unajipika wenyewe, tena kwa pesa zake. Pita Mulongwe, pita Kalundu, nenda mpaka Kavimvira karibu na mpaka, saa tisa mchana, mwezi wa tisa, vumbi la kiangazi limetanda na mvua bado haijanyesha. Utakuta madirisha yanayotazama ziwa yamefungwa, rido nzito za satini zimeteremshwa mpaka sakafuni, na wenye nyumba wako nje chini ya mwembe wanajipepea kwa kipande cha katoni. Kila nikipita nasonya. Upepo wa ziwa unafika mlangoni kwao bure, wao wameuzuia kwa kitambaa walichokilipia dola.

Hapa kijiweni, pembeni ya barabara ya kitaifa namba 5, ambapo wamotari husubiri abiria, kwa kawaida tunabishana juu ya mpira na bei ya ndagala. Wiki hii tumebishana juu ya rido, na mimi nasema ni jambo la kubishania kweli. Aliyelianzisha ni motari mmoja kijana, ameoa juzi tu. Shemeji yake, dada mkubwa wa mke wake, anakaa Bujumbura. Alikuja kutembelea maharusi, akaona sebule yao iko wazi wazi, akasikitika. Akamwambia mdogo wake: tafuta rido nzito, za tabaka mbili, na ikifika saa sita mchana funga upande wote wa ziwa mpaka jioni, ndivyo sisi tunavyoishi na nyumba inapoa. Bibi harusi akatii. Rido zikanunuliwa, fundi akashona, chuma kikapigiliwa ukutani. Na nyumba ikawa tanuru.

Kijana amekuja hapa na hasira zake, anasema ameuziwa kitambaa cha bandia. Muuza vitambaa, ambaye meza yake haiko mbali na sisi, akasimama: «Papa, ile kitambaa iko muzuri, iko ya muzito, jua haipite hata kidogo! Muulize fundi!» Fundi mwenyewe, mzee aliyeshonea mji huu tangu sisi wengine tuko shule ya msingi, alimaliza kwanza kukata uzi kwa meno, ndipo akasema, «Mwanangu, kitambaa hakina kosa. Shemeji yako amekupa saa za kwake.»

Hapo ndipo penyewe, na wengi wetu tunapita bila kupaona. Uvira na Bujumbura wanakunywa ziwa moja, usiku tunaziona taa zao ng'ambo, lakini jua letu na lao haliingilii mlango mmoja. Sisi tuko pwani ya magharibi. Ziwa letu liko mashariki na milima ya Mitumba iko mgongoni. Jua linachomoza upande wa Burundi, linavuka maji, linatupiga usoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Ukuta unaotazama ziwa unaungua asubuhi yote. Ikipita saa sita, ukuta huohuo unaingia kivulini na unabaki kivulini mpaka usiku. Jua limeshahamia upande wa mlima, na huko nako halikai sana, maana milima ni mirefu na iko karibu. Saa kumi na mbili jioni haijafika, jua limeshajificha nyuma yake.

Bujumbura ni kinyume. Wao milima yao iko mashariki na ziwa liko magharibi. Mchana ndipo jua linapowaingilia kwa upande wa ziwa, na linakaa nao mpaka lizame nyuma ya milima hii yetu. Kwa hiyo dada wa Bujumbura akifunga rido za upande wa ziwa saa sita, anafanya la akili kabisa. Mdogo wake wa Mulongwe akifanya hivyo hivyo, anafunga dirisha ambalo jua limeshaliacha, tena saa ileile ambayo ziwa linaanza kutuma upepo.

Na huo upepo si wa kubahatisha. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji. Mchana hewa ya juu ya ardhi inapanda, na hewa iliyopoa juu ya ziwa inakuja kujaza nafasi. Usiku mambo yanageuka: milima inapoa haraka, hewa nzito ya baridi inateremka kwenye mabonde na kupita juu ya mji kwenda ziwani. Wavuvi wa ndagala wanaotoka usiku na taa zao wanaujua upepo huo kwa ngozi. Katika kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka wa tisa, kunaongezeka upepo wa kusini-mashariki unaopanda na urefu wote wa ziwa. Watu wa Bujumbura mchana wanalazimika kuchagua: wakifungua wapate upepo, wanapata na jua. Sisi mchana tunapata upepo upande mmoja na jua liko upande mwingine. Mungu ametupa nafasi ambayo majirani zetu hawana, halafu tunakwenda kwao kuuliza jinsi ya kuishi! Lazima mtu asonye.

Basi kwa nyumba ya Uvira mambo yanakwenda hivi. Asubuhi, kabla jua halijaruka juu ya ziwa, rido za upande wa ziwa ziwe zimeshuka, na za upande wa mlima ziwe wazi, hewa ya usiku iendelee kuingia. Saa sita ikipita, zibadilishane: za mlima zishuke, za ziwa zifunguliwe zote, na dirisha lenyewe lifunguliwe. Jua likishazama nyuma ya mlima, fungua pande zote mbili. Kama kuna dirisha upande wa kaskazini, likumbuke mwezi wa sita na wa saba, maana jua la kiangazi hapa linapita upande huo.

Sasa tuje kwenye kitambaa chenyewe, kwa sababu muuza vitambaa naye ana la kujibu. Anasema jua halipiti. Kweli, mwanga haupiti. Lakini joto limeshaingia. Jua likivuka kioo na kugonga kitambaa cheusi au cha rangi ya damu ya mzee, kitambaa kinalimeza sehemu yake kubwa, kinapata moto, na moto huo kinautoa sebuleni. Gusa rido nyeusi saa nne asubuhi kwenye dirisha la upande wa ziwa uniambie. Ni sawa na kufunga uzio wa shamba mbuzi akiwa tayari ndani anakula majani ya muhogo. Kinachotakiwa ni kuurudisha mwanga nje kwa kioo kilekile kabla haujageuka joto, na cha kuurudisha ni weupe. Upande wa rido unaotazama kioo uwe mweupe. Upande unaotazama makochi uwe na rangi yoyote anayoipenda mama mwenye nyumba, nyekundu, ya dhahabu, ya maua, hakuna atakayemzuia.

Mzee fundi ananiunga mkono hapa, na ndiye aliyenionyesha jinsi anavyoifanya kazi hiyo. Anachukua popolini nyeupe ya bei ndogo, anaikata fupi kidogo kuliko rido ili pindo lisichungulie chini, anaishonea mgongoni kwa juu tu na kwa pembeni, chini anaiacha huru. Akishona pande zote nne, anasema, siku ya kufua kitambaa kimoja kitarudi na kingine hakitarudi, na rido itajikunja milele. Bitana, basi. Jambo la zamani kabisa la ushonaji, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya satini. Wazee wa njia ya misafara, wale waliokuwa wakitoka Bagamoyo mpaka Ujiji na kuvuka kuja huku, walibeba pamba isiyotiwa rangi iliyoitwa merikani, na ilikuwa ndiyo pesa ya njiani. Pamba ya namna hiyo kuiweka mgongoni mwa rido ni kuipa kazi nzuri.

Na si maneno ya kijiweni tu. Wizara ya Nishati ya Marekani inawaambia raia wake kwamba rido za rangi ya wastani zenye mgongo mweupe wa plastiki zinaweza kupunguza joto linaloingia dirishani kwa asilimia 33. Theluthi moja! Lakini wizara hiyohiyo inasema kivuli kilichowekwa nje ya dirisha, juu yake, kinaweza kupunguza joto la jua kwa asilimia 77 kwenye dirisha la magharibi. Linganisha mwenyewe. Dirisha letu la mashariki linapigwa asubuhi na jua la chini, kama la magharibi linavyopigwa jioni. Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa muuza satini, tazama nje ya nyumba yako.

Nje kuna nini? Angalia nyumba za zamani zilizobaki toka wakati wa Wabelgiji. Paa limetoka mbali nje ya ukuta, baraza pana, dirisha liko ndani ya kivuli saa nyingi za siku. Waswahili wa Lamu na Unguja nao hawakusubiri kitambaa kiwaokoe: kuta nene za matumbawe, vichochoro vyembamba vinavyotiliana kivuli, madirisha ya mbao yanayozuia jua na kupitisha upepo. Sisi leo tunajenga ukuta mwembamba wa blok, paa linakatwa sawasawa na ukuta ili kupunguza bati, baraza tunaifuta ili chumba kiwe kikubwa, halafu tunanunua rido ya tabaka tatu itufanyie kazi ya paa. Haiwezi.

Asiye na uwezo wa kujenga baraza anayo matete. Mdomo wa Ruzizi umejaa matete, na akina mama na vijana wanaoyakata na kuyafunga wako. Mkeka wa matete ukining'inizwa nje ya dirisha, mbali kidogo na ukuta, juu ukiwa umefungwa kwenye mbao ya paa na chini ukiwa huru, jua linagota kwenye majani na joto linabaki nje, na upepo unapita katikati ya mianya. Asubuhi unaushusha, mchana unaukunja juu. Najua watu watasema ni umaskini kuning'iniza matete mbele ya nyumba ya matofali ya kuchoma. Wacha waseme. Atakayelala na watoto waliotokwa na vipele vya joto ni wewe, si wao.

Na paa! Hapa ndipo ninapotaka akina baba wanisikilize, maana lawama yote ya joto tumewatupia akina mama na rido zao. Uvira iko nyuzi tatu na zaidi kidogo kusini ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na katikati ya mwezi wa tatu, jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa, mpaka nguzo iliyosimama wima inakosa kivuli. Saa hiyo madirisha hayana habari na jua. Linalopigwa ni bati. Na bati lililoshika kutu linameza jua kuliko lilivyokuwa jipya. Ukiingia katika nyumba isiyo na plafo saa saba mchana, joto linakushukia kichwani, na unaweza kufunga rido nne kila dirisha usione tofauti. Mwenye dola za kutosha kwa jambo moja tu, kati ya rido za pili za sebule na plafo ya chumba cha watoto, afanye plafo. Kama tripleksi ni ghali, hata mkeka uliofungwa chini ya mbao za paa unasaidia, mradi usigusane na nyaya za umeme na hewa ya moto iachiwe tundu la kutokea kwenye pembe za juu za ukuta.

Kuna dada mmoja hapa alisema jambo ambalo lilitunyamazisha wanaume wote. Alisema: «Nyinyi mnasema tufungue usiku tupate baridi ya mlima. Nani anafungua dirisha usiku Uvira?» Ana haki. Mji huu umepita mengi. Watu wamejifunza kulala madirisha yamefungwa, milango imetiwa makomeo, kwa sababu ya wenye silaha, na wengine wameziba dirisha la nyuma kabisa kwa matofali. Joto la usiku katika mji huu lina sababu ambayo hakuna fundi wa rido anayeweza kuiondoa, na sitaki kusema kana kwamba ni uzembe wa mtu. Ninachoweza kusema ni kidogo: tundu la juu, karibu na paa, lenye upana wa tofali moja, likiwa na chuma ndani yake, halipitishi mtu na linapitisha hewa. Mawili, moja upande wa mlima na moja upande wa ziwa, yanatosha kukibadilisha chumba. Na kwenye tundu hilo uweke wavu wa mbu, maana malaria nayo haina huruma. Chandarua cha kitandani kibaki kitandani, kisiende dirishani wala ziwani kuvulia samaki.

Kuhusu rido ya mlangoni sina ugomvi nayo hata kidogo. Ile nyepesi, ya kitambaa kinachopitisha mwanga, inayokaa mlangoni mchana kutwa mlango ukiwa wazi, ni akili kubwa ya mama zetu. Mpita njia haoni ndani, mama anaona nje, upepo unapita. Ikipeperuka kuja ndani, ujue ziwa linapumua. Nyumba ingekuwa na rido za namna hiyo upande wa upepo, na zenye bitana nyeupe upande wa jua, mengi yangekwisha.

Tatizo ni kwamba rido imekuwa kipimo cha ndoa. Anayeolewa anapimwa kwa mikunjo ya rido za sebuleni, na wengine wanazitundika mpaka kwenye ukuta usio na dirisha, kufunika udongo. Siwalaumu, mtu ana haki ya kupendezesha kwake. Lakini satini nzito ya tabaka tatu inakusanya vumbi lote linaloinuliwa na malori ya barabara namba 5. Kuifua kunahitaji maji mengi, na ikilowa ni mzigo wa kubebwa na watu wawili kutoka mtoni. Matokeo yake haifuliwi, miezi inapita, watoto wanakohoa. Pamba nyepesi unaifua Jumamosi asubuhi na mchana inarudi dirishani.

Kuna na wengine ambao hata dirisha hawana. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mito ilifurika, mto Mulongwe ukabomoa nyumba za watu, na familia nyingi zikahamia chini ya turubai. Baadaye ziwa nalo likapanda, 2021 na tena 2024, likaingia kwenye nyumba za ufukweni. Turubai la plastiki kwenye jua la saa saba ni chumba cha moto kuliko nyumba yoyote ya bati niliyowahi kuingia. Anayeishi humo anasaidiwa na kivuli cha pili juu ya turubai: miti minne, matete au majani ya michikichi juu yake, na nafasi ya mkono mmoja kati ya hayo na turubai ili hewa ipite. Vijana wa mtaa wanaweza kukijenga kwa nusu siku. Nimeshawaambia wa hapa kijiweni, na wawili wamekubali kuleta panga.

Yule kijana motari ameambiwa asirudishe rido, kitambaa ni kizima na muuzaji hakumwibia. Nawe uliyenunua kama zake, usizitupe. Mpelekee fundi azitie bitana nyeupe mgongoni. Za upande wa ziwa zishushe asubuhi, uzifungue saa sita. Na wewe baba unayejenga mwaka huu kati ya Kalundu na Kavimvira, toa paa lako nje ya ukuta kwa mita moja, na usiuache ukuta wa upande wa mlima bila dirisha.